Somo la hisia shuleni: Mzazi, uliza kabla ya kutoa mchango

Mtoto akilalamika tumbo kila Jumatatu asubuhi, na shule ikifungwa tumbo likapoa lenyewe, usiishie kwenye dawa ya minyoo. Mpeleke kwanza kituo cha afya apimwe, hasa kama anapungua uzito, anaharisha au ana homa. Daktari akisema hana ugonjwa, usimwambie mwanao kuwa anajifanya. Maumivu yale anayasikia kweli. Tumbo na ubongo vina mawasiliano ya karibu, na mtoto mwenye hofu huumwa tumbo kabla hajapata maneno ya kuisema hofu yenyewe. Pengine kuna wanaomwonea njiani au chooni. Pengine anaogopa fimbo ya mwalimu.

Kwa ajili ya watoto kama hao, baadhi ya shule sasa zinaleta mafunzo ya hisia na mahusiano, ambayo wengine huyaingiza katika stadi za maisha. Mtoto hufundishwa kuitambua hisia yake na kuipa jina, kujizuia akikasirika, kuielewa hali ya mwenzake, kumaliza ugomvi bila ngumi na kufikiri kabla ya kuamua. Barua ikifika nyumbani, na mara nyingi huja pamoja na mchango, utataka kujua kama mafunzo hayo yana faida.

Yana faida, lakini kwa masharti. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa programu 213 zilizowahusisha wanafunzi zaidi ya 270,000, kuanzia chekechea hadi sekondari. Waliofundishwa walikuwa na tabia nzuri zaidi na msongo pungufu kuliko wasiofundishwa. Hata masomoni walisogea: mtoto wa katikati kati ya wenzake mia angepanda takriban nafasi 11.

Sasa tazama yaliyotokea Uingereza. Serikali ya huko ilipeleka mpango uitwao SEAL katika shule za msingi mwaka 2005, kisha sekondari mwaka 2007. Sekondari ziliachiwa zijichagulie za kufundisha na namna ya kufundisha. Tathmini ya mwaka 2010 haikuona mabadiliko ya maana kwa wanafunzi wa sekondari hizo. Shule nyingine zilifanya kidogo tu, walimu wengine hawakuwa na muda wala utaalamu, na wengine hawakuwa na hamu nao. Vitabu vilikuwepo, kilichokosekana ni utekelezaji.

Kwa hiyo ukienda kwenye kikao cha wazazi, usiulize jina la programu tu. Omba uonyeshwe masomo yenyewe. Je, yanafuatana, la leo likijengwa juu ya la jana? Je, watoto wanafanya kwa vitendo au wanaandika ubaoni na kukariri? Mfano mzuri uko katika programu ya PATHS, iliyoanzia Marekani kwa watoto viziwi. Watoto wadogo hufundishwa kufanya kama kobe anayeingia ndani ya gamba lake: aliyekasirika anakunja mikono kifuani, anavuta pumzi taratibu, kisha anasema tatizo ni nini na anajisikiaje. Watoto wetu hawatashangaa, kwani madrasa wameshaambiwa kuwa mwenye hasira akiwa amesimama akae. Tofauti ni kwamba hapa wanafanya mazoezi hayo mara kwa mara wakiwa wametulia, ili siku ya ugomvi mwili ukumbuke.

Uliza pia nani atafundisha. Uchambuzi ule wa 2011 ulionyesha kuwa mwalimu wa darasa mwenyewe anaweza kuifanya kazi hii vizuri. Mimi namwamini zaidi huyo kuliko mgeni anayekuja siku moja na fulana za kugawa, akapiga picha na kuondoka. Lakini mwalimu huyo lazima naye afundishwe, apewe kipindi kwenye ratiba, na awe na mtu wa kumfuatilia. Kipindi kikipangwa jioni, wakati wa madrasa, watoto wetu watakikosa. Semeni mapema.

Na liko swali ambalo wazazi huona haya kuliuliza, nalo ni la fimbo. Mwalimu akifundisha kutuliza hasira saa nne, na saa tano akachapa kwa hasira, watoto watashika somo la saa tano.

Mwisho, shule ieleze itajuaje kama mafunzo yamefaa. Haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Wahesabu utoro na kesi za ugomvi kabla ya kuanza, wahesabu tena mwisho wa muhula, na wawaulize watoto bila kuandika majina kama wanajisikia salama. Wewe nawe nyumbani muulize mwanao wiki hii amejifunza neno gani, mlitumie hilo hilo anapogombana na mdogo wake. Kisha angalia Jumatatu zake.