Usiuze mbuzi kununua sinthesaiza, jifunze kwanza kuchonga sauti kwa filta

UKIWA Mukuyuni, Makueni, na kuna harusi ng'ambo ya bonde, kitu cha kwanza kukufikia ni besi. Maneno ya wimbo huyasikii. Ukisogea karibu ndipo gitaa linachomoza, kisha sauti ya mwimbaji, na mwisho matoazi.

Hiyo tayari ni filta. Umbali, miti na kuta zimechuja sauti nyembamba na kuziacha nzito zipite. Prodyuza hufanya vivyo hivyo kwa kuzungusha kitufe kimoja tu, na kitufe hicho ndicho kilichozipa sinthesaiza za zamani sifa zake.

Ikiwa unatengeneza biti nyumbani, huenda umejiambia kuwa bila mashine ya bei ghali hutaipata ile sauti nene. Au unapakua sauti zilizopikwa tayari, halafu unashangaa mbona biti yako inafanana na ya kila mtu. Dawa ni kuchonga sauti yako mwenyewe.

Anza na gogo

Ukambani uchongaji si jambo geni. Mchongaji wa Wamunyu, kule Machakos, haongezi mbao ili apate twiga. Anaanza na gogo, kisha anaondoa kisichohitajika. Sinthesaiza ya analogi hufanya kazi hivyo hivyo.

Gogo lako ni wimbi. Wimbi la meno ya msumeno limejaa sauti za juu na likilia peke yake linakwaruza masikio. Wimbi la mraba lina uwazi ndani, kama mtu anayepuliza bomba. Filta ndiyo tezo yako.

Mmarekani Robert Moog alipata hataza ya filta yake maarufu, iitwayo filta ya ngazi, mwaka wa 1969. Mwaka uliofuata Minimoog ikatoka. Filta hiyo hukata desibeli 24 kwa kila oktavu. Yaani ukishavuka mpaka wa kukata, kila masafa yanapoongezeka maradufu, ukubwa wa wimbi hushuka hadi takribani moja ya kumi na sita. Filta ya desibeli 12, kama ya Oberheim SEM ya 1974, huacha takribani robo, ndiyo maana sauti yake ni ya wazi zaidi.

Vitufe vitatu vya kujua

Katofu: huu ndio mpaka, mahali filta inapoanza kukata.

Rezonansi: hii hupandisha sauti zilizo pale pale mpakani. Hebu tamka "wau" polepole. Mdomo wako umefanya kazi hiyo hiyo. Ukiizidisha, filta nyingi huanza kupiga mluzi zenyewe, kwa hivyo punguza sauti ya hedifoni kwanza.

Envelopu: ichukulie kama mkono usioonekana unaofungua na kufunga katofu kila unapobonyeza noti.

Sasa jaribu hizi

Besi nene: chukua mawimbi mawili ya msumeno, moja ulipandishe kidogo sana ili yasilingane kabisa. Tumia filta ya desibeli 24, katofu karibu Hz 200, rezonansi asilimia 15. Envelopu ipande papo hapo na ishuke ndani ya milisekunde 300. Kama unapiga benga, kumbuka jinsi besi inavyotembea kwenye nyimbo za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Hapo ishushe kwa milisekunde 150, la sivyo noti zitakanyagana.

Tarumbeta: wimbi la msumeno, katofu Hz 400, lakini envelopu ichukue milisekunde 60 kupanda. Ucheleweshaji huo mdogo ndio pumzi. Tarumbeta halisi hung'aa zaidi kadiri mpigaji anavyopuliza kwa nguvu.

Nyuzi laini: filta ya desibeli 12, katofu Hz 1,500, rezonansi sifuri, envelopu ipande kwa sekunde nzima. Kisha weka filta ya pili inayokata kila kitu chini ya Hz 200, ili besi ipate nafasi yake.

Usizichukue namba hizi kama sheria. Ukishazipata, zungusha katofu taratibu hadi sikio lako liseme hapo hapo.

Wazee walishatangulia

Usidhani sauti hizi ni za wazungu tu. Mwaka wa 1985, Hailu Mergia wa Ethiopia, akiwa Marekani, alirekodi nyimbo za kwao kwa akodioni, kinanda cha Rhodes na sinthesaiza ya Moog. Alifanya kazi ya teksi kwa miaka mingi, na kanda hiyo ilipotolewa upya mwaka wa 2013 akarudi jukwaani. Watu walipenda jinsi alivyotumia mashine ya kigeni kusema jambo la kwao.

Wewe huhitaji hata hiyo mashine. Programu ya Surge XT ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ndani yake kuna filta ya ngazi na hiyo ya desibeli 12 pia.

Kwa wiki moja, usiguse sauti zilizopikwa tayari. Fungua wimbi moja la msumeno, chonga sauti tatu, uzihifadhi kwa majina unayoyataka wewe, hata kwa Kikamba. Mbuzi wabaki zizini.