Nyota Pacha Juu ya Gitega na Muyinga

Kiangazi kinapoingia mwezi wa Juni, mawingu huiacha milima ya Burundi na mbingu za usiku zikawa wazi. Huo ndio wakati wa mwenye darubini ndogo, hata ile ya kioo cha milimita 60, kutazama nyota pacha: nyota ambazo kwa macho matupu huonekana moja, kumbe ni mbili.

Taifa letu limejaliwa neema ambayo nchi nyingi tajiri hazina. Gitega na Muyinga ziko kusini kidogo tu ya Ikweta. Kwa hiyo mbingu za kaskazini na za kusini zote ni zetu. Katikati ya Juni, saa mbili za usiku, mtazamaji akielekea kaskazini ataiona Mizar katika Dubu Mkubwa. Akigeuka kusini ataiona Alfa Kentauri, jirani ya Msalaba wa Kusini. Mkazi wa London hii ya pili haioni kamwe.

Yafaa kuanza na Mizar. Kando yake macho makali huona nyota hafifu, Suha, ambayo Waarabu wa kale waliitumia kupimia nguvu ya macho. Darubini ikikuza mara 50, Mizar yenyewe hugawanyika. Alfa Kentauri nayo ilitambuliwa kuwa pacha na padre Jean Richaud mwaka 1689, huko Pondicherry, Bara Hindi. Nyota zake mbili huzungukana kwa miaka 80 hivi.

Huu si mchezo mtupu. Mwaka 1803 William Herschel alionyesha kwamba baadhi ya pacha hizo hufungamanishwa na nguvu ya mvutano. Kutokana na mizunguko yao wataalamu hupima uzito wa nyota, nayo ndiyo mizani yao ya kuaminika.

Darubini isimamishwe imara, iachwe nje nusu saa ipoe, kisha mtazamaji awe na subira.

Liko jambo moja la kuangaliwa. Tangu mwaka 2019 Gitega ni mji mkuu wa kisiasa, na taa zake zinaongezeka. Hilo ni jema kwa usalama wa raia. Lakini taa imulikayo juu haimsaidii mpita njia. Huziba nyota tu. Mizar itastahimili, Suha itatoweka kwanza. Basi taa zetu, Gitega hata Muyinga, zifunikwe zimulike chini, ili mtoto wa shule asiye na darubini abakiwe na cha kupimia macho yake.