Mtoto asomewe hadithi kabla ya kudaiwa kusoma

Sisi watu wa Pwani tuliohamia huku Machakos kwa kazi na biashara tuna lalamiko moja na wenyeji wetu Wakamba: mtoto yuko gredi ya tatu, anausoma ukurasa mzima wa Kiswahili bila kukwama, na ukimuuliza amesoma nini anakutazama tu. Mzazi hukimbilia tuisheni. Naona fedha hiyo inapotea, kwani mtoto huyo herufi anazo. Anachokosa ni kusikia.

Mwaka 1986 wataalamu wawili, Gough na Tunmer, walieleza kwamba kusoma kwa kufahamu kunatokana na mambo mawili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe inaposikika. Wakasema mawili hayo huzidishwa, hayajumlishwi. Na chochote ukikizidisha kwa sufuri unapata sufuri. Kiswahili kinatamkwa kama kinavyoandikwa, kwa hivyo ni rahisi sana mtoto kutamka asichokifahamu. Waislamu tunalijua hili. Watoto wetu chuoni husoma Kiarabu kwa ufasaha kabla ya kujua maana, na maalim hamdanganyi mtu, kwani tafsiri ina wakati wake. Shuleni tunadhani maana itajileta yenyewe.

Maana huingilia masikioni. Maneno ya nyumbani ni yale yale: njoo, kula, koga, zima tivii. Hila, ujira, kustahamili, mtoto atayasikia wapi kama si katika hadithi? Hadithi pia humfundisha kushika mwanzo kichwani hadi mwisho ufike, na kukisia kinachokuja. Mtoto wa Machakos mjini ana Kikamba cha nyanyake, Kiswahili cha mtaani na Kiingereza cha shule. Kiswahili cha kitabuni ni kama lugha ya nne kwake.

Mtaala wa umilisi unaweka kusikiliza na kuzungumza katika somo la Kiswahili, lakini darasa likijaa mwalimu hawezi kumsomea kila mmoja. Kazi inabaki nyumbani. Dakika kumi baada ya Isha zinatosha. Soma polepole, na fisi akifika penye mtego simama uulize, "Waonaje, atafanya nini?" Swali moja au mawili, usiugeuze mtihani. Akitaka kitabu kile kile kila siku, mpe. Kurudia ndiko kunakomkalisha neno.

Na nyanya asiyejua kusoma? Asimulie kwa Kikamba, wala asione haya. Marehemu John Mbiti, mwanachuoni wa Kitui, alikusanya ngano hizo akazitoa katika kitabu Akamba Stories mwaka 1966, na zilikuwa zimeishi midomoni miaka mingi kabla yake. Mtoto aliyezoea mwendo wa hadithi kwa Kikamba hauachi mlangoni pa shule. Tena lugha hizi ni ndugu: mundu ni mtu, manzi ni maji.

Vitabu ni ghali, najua. Lakini African Storybook wameweka hadithi za bure kwenye intaneti, za Kiswahili na lugha nyingi za Afrika. Pakua mchana ukiwa na bando, kisha usiku uzime data, meseji za grupu zisije zikaingia fisi akiwa bado mtegoni.