Wajibu kwa jamii ufunzwe pamoja na hesabu za faida

KAMPUNI inapochimba kisima au kuwalipia karo wanafunzi maskini, picha hupigwa na hundi kubwa kuonyeshwa. Wengi hudhani huo ndio upeo wa wajibu wa kampuni kwa jamii.

Katika vyuo vinavyofunza usimamizi wa biashara, dhana hiyo inazidi kutiliwa shaka. Wajibu hauanzi faida ikishapatikana, bali katika namna inavyopatikana.

Kisa cha mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, chadhihirisha tofauti hiyo. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kiliwaathiri wakazi kwa sumu hadi kilipofungwa mwaka 2014.

Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, mzigo ukigawanywa baina ya wahusika wa kiwanda na asasi za serikali. Mahakama ya Rufaa iliubatilisha uamuzi huo mwaka 2023, lakini Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024.

Mhasibu aliyefunzwa kuhesabu mishahara, umeme na ushuru pekee hawezi kuiona gharama kama hiyo vitabuni. Haikosi mlipaji, ila hulipwa na wasiokuwa na hisa katika kampuni: watoto wenye risasi katika damu yao.

Ni pengo la aina hii ambalo Umoja wa Mataifa ulinuia kuziba mwaka 2007 ulipozindua kanuni za elimu ya usimamizi unaowajibika, zijulikanazo kama PRME. Vyuo vinavyojiunga huahidi kuingiza maadili na maendeleo endelevu katika ufundishaji na utafiti, na kutoa ripoti kuhusu hatua vilizopiga.

Hata hivyo, ahadi hiyo ni ya hiari. Chuo chaweza kutenga somo moja la maadili, kisha masomo ya fedha na uhasibu yakaendelea kama zamani.

Nchini Kenya, suala hili si la hisani tena. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inawataka wakurugenzi kuzingatia maslahi ya wafanyakazi na athari za shughuli zao kwa jamii na mazingira.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanafunzi apewapo hesabu za kiwanda, basi, yafaa aulizwe pia: moshi unaelekea wapi, na nani atakayeulipia?