Kabureta na Hewa ya Dodoma

Motokaa iliyokwenda vizuri pwani yaweza kupanda hadi Dodoma ikawa kama mtu aliyeshikwa na homa. Hutoa moshi mweusi, hunuka petroli, hunywa mafuta kupita desturi, na kwenye kilima huishiwa na nguvu upesi. Mwenye gari hudhani kwamba injini imekufa. Kumbe injini ni ile ile. Iliyobadilika ni hewa. Chombo kinachopaswa kurekebishwa ni kabureta.

Katika nchi ya Ugogo jambo hili lilijulikana zaidi kwa magari ya zamani ya kupita porini, kama Land Rover, ambayo kampuni ya Rover ya Uingereza ilianza kuyauza mwaka 1948. Wakati huo huo, huko Kongwa, Waingereza walikuwa na mpango mkubwa wa kulima karanga, ulioanza mwaka 1947. Matrekta mengi yaliletwa, lakini ardhi ilikuwa ngumu, mvua ilikuwa haba, mashine ziliharibika, na mafundi na vipuri havikutosha. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Mashine isiyo na mtu wa kuielewa ni chuma kitupu tu. Magari mapya ya siku hizi hayana kabureta; petroli yao hupimwa kwa kompyuta. Lakini anayetunza gari la zamani hana budi kuijua kabureta yake.

Kazi ya kabureta

Petroli peke yake haiwezi kuendesha injini. Ni lazima ichanganywe na hewa kwanza, ndipo cheche ya plagi iiwashe ndani ya silinda. Kadiri iliyo sawa ni karibu ratili 15 za hewa kwa ratili 1 ya petroli. Kwa hiyo lita 1 ya petroli huhitaji karibu lita 9,000 za hewa ya pwani. Mtu akiona injini inakula petroli, na akumbuke kwamba hewa inayokula ni nyingi zaidi.

Kabureta huchanganya vitu hivi viwili kwa njia rahisi. Mwanafunzi na achukue karatasi mbili, azining'inize mbele ya kinywa chake, ziachane kidogo, kisha apulize katikati yao. Atadhani kwamba zitatengana, kumbe hukaribiana. Sababu ni hii: hewa iendayo mbio hupungukiwa na msukumo wake, na hewa tulivu iliyo nje huzisukuma karatasi kuelekea ndani. Ndani ya kabureta kuna njia ya hewa iliyobanwa katikati kama kiuno cha nyigu. Hewa ifikapo hapo huenda mbio, msukumo wake hupungua, na petroli huvutwa kutoka katika kitundu kidogo cha shaba kiitwacho jeti, ikatawanyika kama umande. Chini yake kuna kilango kinachofunguka dereva akanyagapo mafuta. Pembeni kuna kikombe cha petroli chenye boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano inayoziba mlango wake.

Kwa nini Dodoma ni tofauti

Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Kadiri mtu apandavyo, hewa huwa nyepesi. Pipa la hewa ambalo pwani lingekuwa na uzito wa ratili 10, Dodoma lina karibu ratili 9 tu. Silinda hujazwa kama kawaida, lakini kilichomo ni kidogo kwa uzito. Petroli haipungui kwa kadiri hiyo hiyo, kwa maana jeti haijui kwamba gari limepanda. Basi petroli huzidi, na yale yasiyopata hewa ya kutosha hutoka kama moshi. Zaidi ya hayo, petroli inayozidi huosha mafuta ya kulainisha katika kuta za silinda, na chuma husagana.

Mambo ya kutazama kwanza

Fundi mwenye haraka hushika bisibisi mara moja. Fundi mwenye akili hutazama mambo mengine kwanza, kwa sababu ubaya wa mahali pengine hufanana na ubaya wa kabureta. Huanza na kichujio cha hewa. Vumbi la kiangazi la Ugogo hukiziba, hewa ikapungua, na petroli ikazidi. Kisha hutazama petroli yenyewe, maana mchanga au maji kutoka katika debe chafu huziba jeti. Jeti iliyoziba husafishwa kwa kupulizwa kwa pampu, wala si kwa waya. Shaba ni laini, na waya hupanua kitundu. Mwisho hutazama plagi na platini.

Namna ya kurekebisha

Gari husimamishwa mahali tambarare, nje ya nyumba, kwa kuwa moshi wa injini una sumu isiyo na harufu inayoweza kuua watu katika chumba kilichofungwa. Breki ya mkono hufungwa, na injini huachwa mpaka ipate moto wa kazi, kisha huzimwa.

Kabureta za Solex na Zenith, zilizotiwa katika Land Rover za zamani, zina parafujo mbili za kurekebisha. Moja husukuma kilango na kuamua mwendo wa injini gari linaposimama. Ya pili huamua mchanganyiko wa mwendo huo wa polepole. Ikifungwa petroli hupungua, ikifunguliwa huongezeka. Katika kabureta za namna nyingine mambo huweza kuwa kinyume.

Kwanza parafujo ya mchanganyiko hufungwa kwa vidole vyepesi mpaka iguse. Ikikazwa kwa nguvu ncha yake huharibika. Kisha hufunguliwa mzunguko mmoja na nusu, na injini huwashwa. Baada ya hapo huzungushwa robo kwa robo, na kila mara fundi hungoja na kusikiliza. Ikifungwa mno, injini hutetemeka na kutaka kuzimika. Ikifunguliwa mno, huchechemea na kutoa moshi. Katikati kuna mahali inapoenda mbio zaidi na kwa utulivu. Hapo ndipo pa kuiacha. Kisha mwendo hupunguzwa kwa parafujo ya kilango, na ya mchanganyiko hujaribiwa tena.

Lakini parafujo hii hutawala mwendo wa polepole tu. Gari likiwa safarini, jeti kubwa ndiyo inayotawala. Kila jeti ina namba. Namba ikiwa ndogo, kitundu ni kidogo. Gari linalokaa daima juu ya uwanda laweza kutiwa jeti ndogo zaidi, lakini likishuka Tanga au Dar es Salaam hurudishiwa ile ya kwanza, ama sivyo petroli itapungua, injini itapata moto mno, na vali zitaungua.

Ushahidi wa mwisho ni plagi. Baada ya safari, fundi huitoa na kuitazama. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe kama majivu, petroli imepungua. Rangi ya hudhurungi isiyokolea, kazi ni njema.

Mambo haya si ya kuokoa fedha tu. Katika nchi ambayo vijiji viko mbalimbali na maji ni ya shida, debe la petroli hupimwa kwa safari iliyo mbele. Gari linalompeleka mgonjwa Mvumi likimaliza mafuta yake njiani, robo moja ya mzunguko wa parafujo yaweza kuwa ndiyo iliyomchelewesha.

Maswali

1. Kwa nini karatasi mbili hukaribiana zikipulizwa katikati?
2. Kwa nini petroli huzidi gari likipanda Dodoma?
3. Fundi hutazama nini kabla ya kugusa parafujo, na kwa nini?
4. Plagi nyeupe yaonyesha nini?