Tuweke Wavu Juu ya Magata Kabla ya Mvua za Vuli

Mvua za vuli, ambazo katika ukanda wetu wa pwani huanza kwa kawaida mwezi Oktoba, ni neema kwa kila kaya yenye paa la bati. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Hivyo paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,200. Hata tukiondoa sehemu ya tano kwa ajili ya maji yanayorukia nje, hubaki lita 960, karibu tangi zima la lita 1,000. Hizo ni ndoo 48 za lita 20 ambazo mama na watoto hawatazibeba kutoka kisimani.

Hata hivyo, maji hayo hayafiki tangini yenyewe. Hupita katika mfereji wa paa, ambao wengi wetu huuita gata. Gata likijaa majani ya mwembe, mkorosho au mwarobaini, maji hufurika, hupiga ukuta na kuchimba msingi, na nyumba ya tofali za udongo ndiyo huumia zaidi. Maji yanayosalia ndani hutuama. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue na anayeuma mchana, huzaliana katika maji machache kama hayo, na huhitaji takriban siku 7 hadi 10 kutoka yai hadi kuruka. Jiji la Dar es Salaam lilikumbwa na mlipuko wa homa hiyo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Kinga mojawapo ni wavu juu ya gata, kazi ambayo mwenye nyumba anaweza kuifanya mwenyewe.

Vifaa vinavyohitajika

Tafuta wavu wa chuma uliopakwa zinki, wenye matundu ya nusu sentimita hadi sentimita 1. Wavu wa kuku haufai, kwa kuwa matundu yake hupitisha majani. Wavu wa kuzuia mbu dirishani nao haufai, kwa kuwa mvua kubwa huteleza juu yake na kumwagika nje. Andaa pia mkasi wa kukatia bati, koleo, waya mwembamba wa zinki, futi ya kupimia, glavu na ngazi imara. Usitumie waya wa shaba, kwa sababu shaba ikigusana na zinki penye maji huharakisha kutu.

Hatua za kufuata

Kwanza, safisha gata lote. Ondoa majani na tope kwa mkono, kisha mwaga ndoo ya maji kwenye ncha iliyo mbali na bomba la kushushia. Maji yote yatiririke bila kutuama. Yakituama, rekebisha vishikizo ili gata lishuke angalau sentimita 1 kwa kila mita 2. Wavu ukiwekwa juu ya gata lililolegea utaficha tatizo badala ya kuliondoa.

Pili, pima upana wa gata na uongeze sentimita 6. Gata la sentimita 12 litahitaji wavu wa sentimita 18. Kata vipande vya mita 1 hadi 2, kwa sababu vipande virefu ni vigumu kuvishika ukiwa ngazini.

Tatu, kunja sentimita 3 za upande mmoja ziwe kama ndoana ya kushika mdomo wa nje wa gata. Upande wa pili uusukume chini ya ncha ya bati. Upande wa ndani uwe juu kidogo kuliko wa nje, ili majani yateleze na kuanguka chini.

Nne, toboa matundu madogo kwenye mdomo wa nje wa gata kila baada ya sentimita 50. Gata la bati hutobolewa kwa msumari, na la plastiki kwa keekee ili lisipasuke. Funga wavu kwa waya na uelekeze ncha zake chini. Vipande vinapokutana, kimoja kilalie kingine kwa sentimita 5.

Usalama kwanza

Simamisha ngazi mahali pakavu na tambarare. Kwa kila mita 4 za urefu, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani, na awepo mtu wa kuishika. Usiiweke karibu na nyaya za umeme zinazoingia nyumbani. Nyumba ya ghorofa, au yenye mbao za paa zilizooza, ni kazi ya fundi. Paa la zamani la asbesto lisitobolewe wala kukatwa, kwani vumbi lake hudhuru mapafu.

Wavu peke yake hautoshi

Wavu huzuia majani. Hauzuii vumbi wala kinyesi cha ndege. Vijani vidogo, kama vya mkrismasi, hupenya pia. Kwa hiyo weka chujio la wavu laini kwenye mdomo wa tangi, na mwaga nje maji ya mwanzo ya kila mvua inayonyesha baada ya siku za jua. Kwa paa la mita za mraba 60, mwaga angalau lita 30. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kufuata maelekezo ya pakiti.

Kagua wavu kabla ya vuli na kabla ya masika. Msimu wa mvua, pitisha ufagio wa mpini mrefu juu yake kila wiki, ukiwa umesimama chini.

Kwa kaya ambayo bado haijamudu wavu wa gata zima, pa kuanzia ni tundu la bomba la kushushia. Nusu mita ya wavu, ikiviringwa kama mpira na kukazwa katika tundu hilo, huzuia bomba kuziba. Majani yataendelea kuingia kwenye gata, hivyo yaondolewe kila baada ya siku chache.

Mwenye swali kuhusu usafi wa tangi au mazalia ya mbu amwone Afisa Afya wa kata yake. Tuifanye kazi hii sasa, ngazi ingali inasimama kwenye ardhi kavu.