Swali la Muuguzi na Uhai wa Mtoto Njiti

Ubunifu hospitalini hudhaniwa kuwa ni ununuzi wa mashine mpya. Historia ya malezi ya watoto njiti yaonyesha vinginevyo. Mwaka 1978, huko Bogotá, Kolombia, Dkt. Edgar Rey Sanabria alikabiliwa na wodi yenye watoto wengi na mashine chache za joto, hata watoto wakalazimika kuchangia mashine na kuambukizana maradhi. Alianzisha utaratibu wa kumweka mtoto kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Ndiyo malezi ya kangaruu.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, malezi hayo yalisubiri hali ya mtoto itengemae. Akiwa bado dhaifu, alitengwa na mama. Hapo kikwazo hakikuwa vifaa bali mazoea: mama alihesabiwa mgeni katika chumba cha watoto mahututi. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani nchini Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, uliyahoji mazoea hayo. Vitanda vya kina mama viliingizwa ndani ya chumba hicho, na watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 wakaanza kubebwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, ikilinganishwa na asilimia 15.7 kwa watoto waliotunzwa kwa utaratibu wa zamani.

Nakiri kosa langu. Miaka kadhaa kabla ya matokeo hayo, katika kikao cha asubuhi, muuguzi mgeni kazini aliuliza kwa nini mama asilale na mtoto wake. Nilimjibu, "Hapa hatufanyi hivyo." Hakuuliza tena, wala wenzake. Sikuwa na ushahidi; nilikuwa na cheo tu.

Siku hizi, katika vikao vyetu, mwenye cheo cha chini ndiye huanza kuzungumza, maana bingwa akishatoa kauli wengi hunyamaza. Wazo lisilomhatarisha mgonjwa hujaribiwa kwa wiki chache, joto na uzito wa watoto vikiandikwa kila siku, na takwimu hizo ndizo huamua. Likishindwa, aliyelitoa halaumiwi. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nami bado najifunza.

Nanyi kina mama mliolazwa na watoto njiti, ulizeni: "Naweza kumbeba mwanangu kifuani sasa?" Huenda mkaambiwa msubiri, kwa mfano mtoto asipoweza kupumua mwenyewe, lakini mnastahili kuelezwa sababu.